Kila Mtu Ametia Sahihi

Masjala ya tawi la Kitale ilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo, na harufu ya karatasi zilizowahi kunyeshewa zikakaukia rafuni. Edah Mukhisa alisimama katikati ya chumba akageuka polepole akitafuta njia ya pili ya kutokea. Hakuiona. Aliyetoa faili humu aliitoa kwa mlango, mlango ulikuwa na ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa amelala seli ya polisi Bungoma.

“Ilikuwa hapa,” akasema Kiptum, meneja wa tawi, akiingiza vidole kwenye pengo la rafu ya R. “Hapa katikati. Rono, halafu yeye Rotich, halafu Rugut.”

Edah alikuwa mchunguzi wa Bodi ya Makazi ya Wakulima, shirika la serikali ambalo kazi yake ni kugawa mashamba na kuzikalia karatasi za mashamba hayo kama kuku na mayai. Rotich aligawiwa shamba nje kidogo ya Kitale, akalilima, akafa. Mjane wake, Chepkirui, alishuka kutoka Kapsokwony kuja kubadilisha jina, akaambiwa faili haionekani. Na kwa Bodi, shamba lisilo na faili ni shamba lisilo na mwenyewe. Hugawiwa upya, na anayelipata ni yule aliyekaa karibu na sahani.

Lakini aliyemtoa Edah kitandani mapema leo hakuwa mjane. Alikuwa Nabwile, karani wa masjala hii, ambaye mchana angesimamishwa mbele ya hakimu kwa wizi wa kumbukumbu za serikali. Edah ndiye aliyepewa kazi ya kuandika ripoti, na ripoti hiyo ingemfunga Nabwile au ingemtoa. Mpaka sasa kila kitu kilikuwa kinamfunga.

“Nionyeshe alivyoandika,” akasema.

Kiptum akafungua daftari la kutoka na kuingia kwa mafaili. Mwandiko wa Nabwile ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefunzwa na masista. Rotich, imetumwa ofisi kuu Bungoma kwa mfuko wa barua. Sahihi.

“Na Bungoma wanasema?”

“Mfuko ulifika, lakini hiyo faili haikuwa ndani. Lakiri ya kufungia mfuko ilikuwa nzima. Si ni ofisi yenu wenyewe ya uchunguzi hukagua lakiri kabla mfuko ufunguliwe? Waliiona nzima.”

Edah akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa. Tangu mafaili yaanze kupotea njiani, kila mfuko ulipita kwanza kitengo chake.

“Kwa hivyo,” akaendelea Kiptum, “ama hakuiweka kwa mfuko, ama aliiweka ikaruka yenyewe.”

“Nani huagiza faili kutoka Bungoma?”

“Wakubwa. Wanaandika memo, sisi tunatuma.”

“Memo ya hii iko wapi?”

“Hakuna. Nabwile ati alipigiwa simu.” Kiptum akacheka. “Simu! Mimi nikipigiwa simu niambiwe nitoe gari ya ofisi, nitatoa?”

“Utatoa. Inategemea nani amepiga.”

Kiptum akaacha kucheka, akaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Simu ya Edah ikalia. Alikuwa Wanyonyi, mkuu wa kitengo cha uchunguzi, bosi wake. Aliwahi kuwa polisi zamani na mpaka leo alipenda kuitwa afande. Watu walimwita hivyo ili siku ipite.

“Edah, habali ya Kitale? Lipoti iko wapi?”

“Bado naangalia, afande.”

“Unaangalia nini na mlango ni mmoja? Huyo mama anapelekwa kwa hakimu leo mchana. Andika yeye ndiye alitoa, maliza, uludi Bungoma halaka.”

“Nataka kwanza nimsikie yeye mwenyewe.”

“Msikie basi. Lakini usitupotezee muda bana.”

Edah akaomba picha ya ukurasa wa daftari, akapima pengo la rafu kwa kiganja, akatikisa nondo za dirisha moja moja. Hazikutikisika. Alitoka akijua kidogo kuliko alivyojua alipoingia, na hilo lilimuudhi njia nzima.

*

Kituoni Bungoma, polisi wa zamu alimpa karatasi ya mashtaka aisome akisubiri mshtakiwa aletwe. Iliandikwa kwa mkono. Jina la mshtakiwa: Nabwire.

“Hili jina umelitoa kwa kitambulisho?”

“Kitambulisho aliacha nyumbani. Nilimuuliza anaitwa nani, akaniambia, nikaandika.”

“Anaitwa Nabwile.”

“Madam, mimi naandika kile mtu amesema.”

Nabwile akaletwa akiwa hana viatu, kanga imefungwa kiunoni juu ya sketi ya kazi. Alikuwa mwanamke wa Ndalu, wa umri wa kuwa na watoto shuleni, na macho yake yalionyesha hakulala. Edah akaweka simu mezani, akaanza kurekodi, akamwambia anarekodi.

“Niambie kuhusu hiyo faili, mama.”

“Waripiga simu. Ni mwanaume. Akasema ni wa ofisi kuu, anataka fairi ya Rotich itumwe kwa mfuko wa Ijumaa. Arinipa na nambari ya shamba. Niriuriza memo iko wapi, akasema itafuata. Mpaka reo.”

“Na ulikubali bila memo?”

“Madam, ukipigiwa na mkubwa utakataa? Mimi ni karani tu.”

“Sauti yake unaijua?”

“Hapana. Raini ya rejistri ni mbaya, inakoroma tu. Rakini arikuwa mkubwa, nirisikia kwa maringo.”

“Kwa nini ulienda nyumbani siku iliyofuata?”

“Irikuwa Jumamosi! Nirienda Ndaru kupanda maharagwe. Sasa wanasema niritoroka.” Akaegemea meza. “Niriweka fairi kwa mfuko, nikafunga, nikapiga rakiri, nikasaini. Kira kitu nimesaini. Sasa hiyo sahihi ndio wanasema ni wizi. Kama singesaini, wangesema nini?”

Katika Bodi anayesaini ndiye mwenye mzigo, na kila mtu analijua hilo kuanzia siku ya kwanza ya kazi.

“Watoto wamerara kwa jirani,” Nabwile akasema kwa sauti ya chini. “Nikifungwa, hata huyo jirani atachoka. Kweri madam, nirituma hiyo fairi.”

Alipokwisha kurudishwa seli, Edah alibaki amekaa na ile karatasi ya mashtaka mkononi. Nabwire. Polisi hakukosea. Aliandika alichosikia, na alisikia alichoambiwa. Makosa ya namna hii hayatoki kwa mtu anayenakili jina kutoka karatasi nyingine. Hutoka kwa mtu anayeandika kwa sikio.

Akasimama. Wiki nzima walikuwa wanatafuta faili ya Rotich mahali pa Rotich. Hakuna aliyewahi kuuliza kama jina lenyewe lilifika Bungoma likiwa zima.

*

Ofisi kuu iko pembeni mwa mji, upande wa Kanduyi. Nyuma yake kuna jengo la mawe lenye mlango wa chuma, huko mafaili yaliyofungwa husubiri siku zao. Wafanyakazi huliita stoo. Halina dirisha, ila matundu madogo karibu na dari, yaliyozibwa na vumbi na utando, ambayo hata ndege hayajali. Kimeli, msimamizi wa kumbukumbu, alikuwa mwanamume mrefu wa Mlima Elgon aliyebakisha kidogo astaafu, na alitembea ndani ya stoo ile akiwa ameinama, utadhani tayari anaaga.

“Saini kitabu cha wageni,” akasema. “Na uandike umeingia kutafuta nini.”

Edah akasaini.

“Rafu ya R tumepekua mara ngapi, madam? Hata chini ya sakafu tumeangalia.”

“Sitaki R. Nipeleke kwa L.”

Kimeli akamtazama, akacheka puani. “Rotich kwa L?”

“Twende tu.”

Rafu ya L ilikuwa mwisho kabisa, mahali ambapo taa ilikuwa inakaribia kukata roho. Pale, kati ya majina mengi ya watu wa Pokot yanayoanza na Lo, palikuwa na jalada jipya, safi, lenye kona kali. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: LOTICH. Na chini yake, muhuri mwekundu: KUTEKETEZWA.

Edah akalifungua. Barua ya kwanza kabisa ilikuwa ya ugawaji wa shamba, na jina lililopigwa chapa juu yake lilikuwa Rotich. Ya pili, Rotich. Cheti cha kifo, Rotich. Ombi la mjane, Chepkirui. Mwili wote ulikuwa humo, nguo tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

“Yesu,” akasema Kimeli.

“Ulishawahi kuiona hii?”

“Kwa orodha. Orodha ya kuchomwa, niliona Lotich, nikafikiri ni Mpokot wa huko juu. Wanakuwanga na hayo majina.” Akameza mate. “Madam, haya yanachomwa kesho asubuhi. Kamati imeshapitisha.”

“Nani amesaini orodha?”

Kimeli akaugusa ule muhuri. “Mimi,” akasema.

Edah akaona jinsi mtego ulivyotegwa, akavutiwa nao kidogo kabla ya kuuchukia. Mwizi hakuweza kuitoa faili hii nje, kwa sababu getini kila mfuko hupekuliwa na karatasi haipiti bila idhini iliyotiwa sahihi. Hakuhitaji kuitoa. Aliivalisha jalada jipya, jina likageuka kwa kusudi au kwa bahati, akaipeleka kwenye moto wa halali, mbele ya kamati, na kesho Rotich angekuwa amechomwa bila mtu kujua. Hata Kimeli aliyesaini.

“Huu mwandiko ni wa nani?”

“Roselyne. Majalada mapya yote huandika yeye.”

Roselyne aliitwa kutoka meza ya mbele. Alikuja akijipangusa mikono kwenye sketi, akaliona jalada, na uso wake ukaonyesha kila kitu ambacho mdomo wake haukutaka kusema.

“Uliandika hili jina ukitazama karatasi gani?”

“Hakuna karatasi, madam. Ilikuwa simu ya ndani. Niliambiwa niandae jalada la faili iliyofungwa, nipige muhuri, niweke kwa trei. Nikaandika vile nilisikia.”

“Ulisikia Lotich.”

“Lotich. Hata nilirudia, akasema ndiyo, Lotich.”

“Sauti ya nani?”

“Sijui.”

Alisema upesi mno. Edah akaiacha hiyo kwanza.

Kimeli alikuwa tayari amepata jibu lake. “Si ni yule wenu wa Kitale? Nabwile. Alipanga na mtu huku, akapiga simu. Nyinyi Wabukusu mnabadilisha hizo herufi. Mkalenjin hawezi sema Lotich, hata akiwa amelewa.”

Edah mwenyewe alikuwa Mbukusu wa hapo Kanduyi, na maneno hayo aliyasikia tangu shule. Hayakumkera kwa kejeli yake. Yalimkera kwa sababu yalikuwa na maana. Simu ya ndani iliunganishwa na matawi pia. Nabwile angeweza kupiga kutoka Kitale. Angeweza kuandaliwa jalada, kisha mwenzake akalijaza. Ripoti ingejiandika yenyewe: karani kutoka Ndalu, asiyejua kutofautisha l na r, akajinasa kwa ulimi wake. Wanyonyi angefurahi.

“Ilikuwa sauti ya mwanamke?” akamuuliza Roselyne.

“Laini ilikuwa mbaya,” Roselyne akasema akitazama sakafu.

Edah akatoa simu, akatafuta ile rekodi ya asubuhi, akaiweka sauti juu. Nabwile akaanza kuongea ndani ya stoo. *Anataka fairi ya Rotich itumwe.* Edah akarudisha nyuma. *Ya Rotich.* Akaendelea. *Mimi ni karani tu. Rejistri. Maharagwe. Jirani.* Kisha: *fairi. Raini. Rakiri. Kweri. Ndaru.*

“Mzee Kimeli, umesikia?”

“Nimesikia anabadilisha.”

“Anabadilisha upande mmoja. Kila l kwake ni r. Hata jina lake mwenyewe, polisi ameandika Nabwire. Lakini r yake haijaguswa. Rotich kwake ni Rotich, mara zote.” Akazima rekodi. “Mamangu ni hivyo hivyo. Marehemu babangu alikuwa kinyume chake, na nyumba ilikuwa kelele tupu. Wanaotucheka hudhani tunachanganya ovyo. Wengi hatuchanganyi. Kila ulimi una upande wake wa kuteleza. Aliyesema Lotich ni mtu ambaye r ndiyo inamshinda.”

“Watu kama hao ni nusu ya Bungoma,” akasema Kimeli.

“Ni kweli. Kwa hivyo nahitaji sikio la Roselyne.”

Roselyne akarudi hatua moja nyuma.

Simu ikalia mkononi mwa Edah. Mkono wa pili ulikuwa na jalada, kwa hiyo akabonyeza kwa kidole gumba, na sauti ikatoka wazi kwa wote.

“Edah, askali wa geti ananiambia uko stoo.”

“Ndiyo, afande.”

“Umeipata hiyo faili ya Lotich?”

Roselyne akashika rafu. Aliitazama ile simu utadhani imemwita jina. Kimeli akamtazama Roselyne, kisha Edah, kisha mlango.

Kitengo chake ndicho kilichokagua lakiri na kutangaza kwamba ni nzima. Mfuko ulipita mezani pa mkuu wake kabla ya kufika hapa. Alilijua hilo tangu Kitale na alilipita kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake. Aliona aibu, na aliogopa.

“Nimeipata, afande.”

“Imeshikwa na nani?”

“Mimi.”

“Umesaini kitabu cha Kimeli?”

“Nimesaini.”

“Vizuli. Niletee hapa kotini, mkononi mwangu, usipitie kwa mtu. Ni kielelezo, na vielelezo vyote ni vyangu, unajua.” Sauti ikawa ya upole. “Na kumbuka umesaini. Ikipotea njiani, Edah, imepotea kwako.”

Akakata.

“Ni yeye,” akasema Roselyne. Machozi yalikuwa yanamtoka. “Madam, nilijua siku ile ile. Mimi niko kwa kontrakti. Ningesema kwa nani? Ukiona mambo mabaya hapa unaripoti kwa kitengo cha uchunguzi.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Kimeli akanong’ona.

Edah akalifunga jalada akalikumbatia. Akaupima mtego kila upande. Akimpelekea Wanyonyi, faili inakufa na Nabwile anafungwa. Akikataa, amekaidi amri halali na kushikilia kielelezo, na askari wa getini hawatamruhusu kupita na karatasi hata moja bila idhini ya kitengo, yaani ya Wanyonyi. Akiirudisha rafuni, kesho inachomwa. Akikaa hapa akisubiri, Wanyonyi atakuja mwenyewe kutoka kotini, na akisema ‘lete’, itabidi alete.

“Mzee, mlango huu una funguo ngapi?”

“Moja. Za zamani zilipotea, nikanunua kufuli mpya yenye huu tu.”

“Nifungie humu ndani.”

“Ati nini?”

“Nifungie na faili. Ufunguo uupeleke kwa hakimu, umpe mkononi. Roselyne aende na wewe, aseme alichosikia. Mwambieni faili anayoshtakiwa nayo Nabwile haijaibwa, iko stoo, na mchunguzi amefungiwa nayo. Mtakuwa hamna karatasi yoyote, hakuna wa kuwazuia getini.”

Kimeli akatikisa kichwa. “Madam, mimi nastaafu. Nimelinda jina langu miaka hii yote. Wanyonyi atanimaliza.”

“Ameshakumaliza. Nabwile amesaini daftari. Roselyne ameandika jalada. Wewe umesaini orodha ya kuchoma. Mimi nimesaini kitabu cha wageni. Sisi sote tumetia sahihi, mzee. Kuna mmoja tu ambaye hajaandika jina lake popote.”

Kimeli akatazama mihuri, akatazama orodha yake mwenyewe ikining’inia ukutani.

“Hakuna hewa nyingi humu,” akasema hatimaye.

“Basi msikawie.”

*

Mlango ulipofungwa, giza lilikuwa la kweli. Taa ilikuwa na swichi yake nje, na Kimeli, kwa mazoea ya kubana matumizi ya serikali, aliizima. Edah hata angetaka kucheka hakuweza. Alikaa sakafuni karibu na mlango, mgongo kwenye rafu, jalada kifuani. Simu haikushika mtandao nyuma ya chuma kile. Alijua kwamba Nabwile anaweza kuwa anasomewa mashtaka sasa hivi, na yeye yuko hapa na kitu pekee cha kumwokoa, na hawezi kukitoa.

Vumbi lilimkaba koo. Alikohoa, akasikiliza, akakohoa tena.

Gari likasimama kwa nguvu nje. Viatu. Kisha ngumi kwenye chuma.

“Edah, fungua.”

“Siwezi, afande. Sina ufunguo.”

“Kimeli yuko wapi?”

“Ametoka.”

“Nani amekufungia?”

“Nimeomba kufungiwa.”

Wanyonyi aliposema tena alikuwa ameinama, sauti ikipita kwenye upenyo wa chini, karibu na miguu ya Edah.

“Sikia. Mimi na wewe tumetoka mbali. Hizo ni kalatasi tu. Pitisha hapa chini ya mlango, moja moja. Nitaandika ni wewe uliipata. Kuna nafasi ya cheo Kitale, hata kesho unapata.”

“Na Nabwile?”

“Huyo Nabwile hata humjui.”

“Nimemsikia akiongea. Inatosha.”

“Edah!” Teke kwenye mlango. “Hii ni amli!”

“Nimeisikia, afande. Lakini mlango umefungwa. Vunja, ukitaka. Askari wako hapo wanatazama.”

Hakuvunja. Edah alimsikia akihema. Akamsikia akitembea kwenda kwenye gari na kurudi. Kisha kitu cha chuma kikagonga chuma, kikalia kli.

“Sawa, kaa humo,” Wanyonyi akasema, sasa kwa sauti kubwa ya kusikiwa na askari. “Stoo imefungwa na kitengo cha uchunguzi. Hata Kimeli aje na ufunguo wake, hakuna mtu kuingia mpaka mimi niseme.”

Edah akajua ni nini. Kila mchunguzi wa kitengo hupewa kufuli moja ya kufungia vyumba vyenye kesi, yenye nambari yake, na ufunguo wake haupo kwa mtu mwingine. Alipapasa mlango kwa viganja vyote viwili, akausukuma, akausukuma tena. Hata hakimu angetoa amri, sasa amri hiyo ingegonga kufuli ya pili. Alirudi chini akafunika uso kwa jalada. Alitaka kulia na aliona hana nafasi hata ya hiyo.

Ulipita muda mrefu, au mfupi. Gizani ni vigumu kujua.

Kisha sauti nyingi kwa pamoja. Ya Kimeli, ikiwa nyembamba kwa kukimbia. Ya Roselyne. Na ya mtu asiyemjua, nzito, ya mwenye mazoea ya kusikilizwa.

“Mimi ni koplo wa mahakama. Nina amri ya hakimu. Mashtaka ya huyo mama hayasomwi mpaka faili ifike mbele yake. Nani yuko ndani?”

“Mimi, Edah Mukhisa,” akajibu kutoka sakafuni. “Na faili ninayo.”

“Subiri.”

Ufunguo wa Kimeli ukazunguka. Kufuli ya kwanza ikafunguka, ikatolewa. Mlango haukusogea.

“Hapa kuna kufuli ingine,” akasema koplo. “Hii ni ya nani?”

Edah alisimama akaweka sikio kwenye chuma. Aliwasikia wote wakipumua: askari wa getini, Kimeli, Roselyne, na mmoja aliyekuwa amekosa la kusema.

“Nimeuliza, ni ya nani? Kuna nambari hapa. Nitaiandika nikaulize, au mwenyewe aseme?”

Upande wa nje, mtu alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Funguo zikagongana.

“Koplo,” Edah akaita, “andika hivi: kufuli ya pili imefunguliwa na mwenyewe, mbele ya mashahidi. Halafu mpe kalamu atie sahihi.”